Ua Lililoshika Sabato

Kosa langu la kwanza lilikuwa maji. Nililikumbuka juzi niliporudi kwetu Sironga na kukuta kile kijimea kichachu cha majani matatu kimeota kando ya barabara, maua yake ya rangi ya waridi yakitikisika. Unakifahamu, ndugu yangu. Sote tulikitafuna tukitoka shuleni hadi meno yakafa ganzi.

Mwaka wa kosa hilo nilikuwa mtoto, na mashamba ya chai yalikuwa bado hayajafika kwetu. Mama alikuwa mgonjwa, amelala kwa nyanya. Chakula chote kilimchukiza, ila jani lile chachu. Basi nikang'oa vile vitunguu vidogo vya mizizi ya mmea huo katikati ya shamba la wimbi, nikavipanda kwenye kopo la mafuta ya kupikia, nikaliweka dirishani karibu na kitanda chake.

"Mume wangu," nyanya alinitania mimi mjukuu wake, jembe begani, "wenzako wanang'oa magugu, wewe unayafuga!"

Sikujali. Nilikuwa nimejiambia kwamba kopo lile likistawi, mama atapona. Sikumwambia mtu. Kila jioni majani yalijikunja kama miavuli, nami kwa hofu nikidhani yanakufa, nikayamwagia maji. Niliyafuta vumbi jani kwa jani. Nilizungusha kopo hadi likakaa sawa, kisha nikalizungusha tena. Mama naye nilimfanyia vivyo hivyo: nilimwamsha anywe uji, nilimwamsha nione tu kama ataamka.

Majani yakageuka manjano. Ijumaa, jua likizama, nyanya alininyang'anya kibuyu. Siku ya Sabato hatukuchota maji. Kesho yake kanisani niliomba kwa bidii, na sikuiombea roho yangu, niliombea kopo. Jumapili asubuhi jani jipya lilikuwa limesimama wima.

"Kumbe hata ua linashika Sabato," nyanya alisema.

Mama alicheka, kicheko chembamba. "Jioni huwa linalala tu, mwanangu. Nami nikilala, usiniamshe."

Nikatii. Maji nikayapunguza, na kopo likajaa maua. Jioni moja, mvua ya mawe ikiwa imetoka kupiga mabati, majani yalijikunja na mama akafumba macho. Uji ulipoa kikombeni. Nilikaa nimebana mikono mapajani, nikijizuia nisimguse. Asubuhi maua yalifunguka. Mama hakuamka.

Hadi leo najiuliza kama angeishi laiti ningemwamsha. Nyanya alisema hapana, tena kwa ukali, nisimuulize tena. Kisha akachukua kopo, akavifukia vile vitunguu kwenye udongo mwekundu wa kaburi, mbele ya nyumba. Tangu siku hiyo, jembe lake lilipofika pale lilipita kando.

Sasa nyanya hayupo. Pale hapalimwi wimbi tena. Chai imefika hadi ukutani mwa nyumba, na chini ya kivuli chake hakuna kinachoota, hata kile kijimea.