Anwani ya Verlin Koch

Mimi ni mmoja wa wale tisa tulioinua mikono, kwa hiyo sehemu ya hasira hii ni yangu mwenyewe. Inayobaki ni ya Trent, na sina mpango wa kumpunguzia.

Ardis Nygaard alianza ile huduma ya kugawa chakula katika chumba cha chini cha kanisa letu la Kilutheri, mwaka ambao kiwanda cha sukari kilipunguza watu. Kamati haikuwapo. Alikuwepo yeye, mjane, mpishi wa shule aliyestaafu, mkali wa maneno, na friza mbili alizoziomba kwa watu ambao hawakuthubutu kumkatalia. Ukifika ulikaa, ukapewa kahawa, ukaulizwa swali moja tu: "Mko wangapi nyumbani?" Ukisema watano, alifunga vya watano: nyama ya kusaga, tambi, viazi, supu ya uyoga ya kopo. Jina hakuuliza. Alisema Yesu alilisha maelfu bila kudai kitambulisho cha mtu.

Huduma ikakua. Makanisa sita yakaungana nasi, mkulima mmoja akatuachia kiwanja alipofariki, tukajenga jengo lenye milango inayojifungua yenyewe. Tukamwajiri Trent awe mkurugenzi, kijana mwenye tabasamu lisilokwisha. Akaleta kompyuta, akaleta fomu, kisha akaleta kanuni: kila anayechukua chakula aonyeshe anwani yake, na awe ameishi hapo siku thelathini. Eti wafadhili wanataka uhakika kwamba chakula kinaliwa na watu wa wilaya yetu. Kamati ya huduma ikapiga kura, na tisa tukainua mikono. Ardis peke yake aliiacha yake mapajani.

Januari, asubuhi ya baridi inayokata masikio, akaja Verlin Koch. Verlin ni wa hapa hapa. Alifanya kazi kiwandani miaka kumi na tisa, nyumba ikamponyoka wakati mkewe akiugua mpaka kufa, na sasa alikuwa analala kwenye pikapu yake nyuma ya duka la mbegu. Dada wa mapokezi akamwomba barua yenye anwani.

"Barua ya wapi?" Verlin akauliza. "Ya pikapu?"

Watu kwenye foleni wakacheka. Yeye hakucheka. Akavaa glavu zake, akageuka kwenda mlangoni.

Ardis aliyekuwa anapanga makopo akamshika mkono, akamrudisha hadi kaunta, akachukua kalamu na kujaza fomu kwa anwani ya nyumba yake mwenyewe.

"Anakaa kwangu," akasema. "Mpeni chakula."

Trent akatoka ofisini. "Mama Ardis, tafadhali. Sote tunajua anakolala."

"Unajua anakolala, na wewe usingizi unakuja?"

"Nitakuja kuhakiki kesho saa nne asubuhi. Nikikuta fomu ni ya uongo, namfuta yeye kwenye orodha, na wewe hutahudumu hapa tena."

Yaani Ardis afukuzwe, tena na huyo. Nilikuwa nimesimama hapo na sanduku la vitunguu, na sikufungua mdomo. Aibu hiyo bado inaniwasha.

Nje nilimwambia, "Ardis, umeandika uongo."

"Umenikuta lini mimi naandika uongo, LaVonne? Verlin, washa gari, nifuate."

"Mama, sitaki kuwa mzigo kwa..."

"Hakuna aliyekuuliza unataka nini. Nimeandika unakaa kwangu, na siko tayari kuitwa mwongo na mtoto wa juzi. Una nguo chafu?"

"Zipo."

"Zilete zote."

Nyumbani kwake tulikifungua chumba cha marehemu mumewe, kilichokuwa kimefungwa miaka kumi na mmoja. Ardis alitoa mashati kabatini kwa nguvu, kama anayegombana nayo, akayatupa kitandani. Mimi nikatandika shuka.

Kesho yake nilirudi kwa Ardis mapema, na saa nne kamili Trent akagonga, faili kwapani. Verlin ndiye aliyefungua, soksi miguuni na kikombe cha kahawa mkononi.

"Bwana Koch, unaishi hapa?"

Verlin akamtazama Ardis. Ardis akaendelea kukaanga mayai, hakumsaidia hata kwa ukope.

"Naishi hapa," akasema Verlin. "Tangu jana saa nane mchana."

Trent akashusha pumzi. Nadhani alifurahi kupata jibu analoweza kuliandika. "Basi hakuna uongo, Mama Ardis, unaweza kubaki. Ila yeye hajatimiza siku thelathini. Arudi zikitimia, tutampa chakula."

Ardis akazima jiko.

"Zikitimia atakuwa ameshakula kwangu mwezi mzima," akasema. "Sasa ninyi ni wa kazi gani?"

Trent akafungua faili, akalifunga. Lakini Ardis hakuwa anamtazama Trent. Alikuwa ananitazama mimi.