Siku Niliyofungiwa Dawa na Karatasi Yangu Mwenyewe

Nikiri mwenyewe kabla hamjasikia kwa mtu mwingine (na Bariadi hamtakosa wa kuwasimulia, wengine walikuwepo, wengine hawakuwepo ila ndio wanaosimulia vizuri zaidi): mimi, mkunga mwenye cheti, niliyewafundisha wanawake miaka sita kwamba kujifungua ni kukaza moyo na kufumba mdomo, siku yangu ilipofika nilipiga kelele mpaka wanunuzi wa pamba wakanyamazisha kipaza sauti chao.

Twende taratibu ili muelewe. Ilikuwa miaka ile ya ruksa na soko huria, sisi bado tukiwa mkoa wa Shinyanga. Kampuni binafsi zilikuwa zimeingia kununua pamba na malori yao yenye vipaza sauti, maduka ya dawa yalichipuka kila kona, na kwenye kituo chetu cha afya mjamzito alianza kuambiwa aje na glavu zake na wembe wake. Kitu kimoja hakikuuzwa dukani: sindano ya kutuliza uchungu. Ile ni dawa kali, lazima ikae kwenye kabati lenye kufuli, iandikwe kwenye daftari, na watu wawili watie sahihi kila kichupa kinapotoka. Kwetu ilifika kwa kubahatisha. Na mwenye kabati nilikuwa mimi.

Basi mimi, kwa kuona vichupa ni vichache na wanawake ni wengi, nikafanya uamuzi mdogo tu. Nilichukua kalamu nene, nikaandika kwenye karatasi na kuibandika kwenye mlango wa kabati: SINDANO HII NI YA WALIOVUNJIKA. SI YA WANAOJIFUNGUA. HAKUNA MJADALA. Nikaigonga mhuri. (Mhuri wa nini? Hata mimi sijui, nilipenda tu ulivyokaa.)

Haikuwa roho mbaya, naomba mniamini. Kwetu Usukumani binti analelewa akijua kwamba uchungu wa uzazi hauliliwi. Mtoto akizaliwa, wakwe wakishauliza ni wa kike au wa kiume, swali linalofuata ni "Alilia?", na hawamuulizii mtoto. Mama mkwe wangu, Mayu Minza (mayu kwetu ni mama), alizaa wanane na sifa yake kijijini ni kwamba majirani walikuwa wakimsikia mtoto tu. Kwa hiyo nilipopata mimba yangu ya kwanza nikasimama mbele ya akina mama kliniki nikatamba: "Nitazalia hapahapa mkiniona, na hata nzi aliye ukutani hatajua."

Kwenye benchi alikuwepo Kabula, mwenye mimba ya tatu, ambaye miaka miwili kabla nilimnyima sindano akiwa ameshika kitanda kwa mikono miwili. Akanijibu kwa adabu, "Haya sista, tutakuja kuona." Wenzake wakacheka ndani ya viganja.

Siku yenyewe uchungu ulinianza alfajiri. Mtu mwenye akili angelala akasubiri, lakini ilikuwa siku ya kliniki, na mimi nilikuwa na ahadi yangu, nikavaa sare nikaenda kupima watoto uzito. Ile mizani ya kuning'inia, mnaijua, mtoto anavalishwa kikaptula anatundikwa kwenye ndoano. Nilikuwa nimemtundika mtoto wa watu vizuri kabisa, uchungu ukaja mkubwa kuliko wote, nami nikajikuta nimeishika mizani ile na kuielemea kwa nguvu zangu zote.

"Sista," mama yake akasema akitazama mshale, "mwanangu ana kilo ishirini na tano?"

Hapo ndipo nilipolia. Si kunung'unika, kulia! "Mayuuu! Nakufa mimi!" Kwenye lori la pamba nje ya geti mtangazaji akakatiza maneno yake, halafu tukamsikia, mji mzima ukamsikia, akiuliza kwenye kipaza sauti: "Wakulima, subirini kidogo, pale kituoni kuna mtu anauawa?" Kisha kipaza sauti kikazimwa.

Nikakimbilia chumba cha dawa (kama ule mwendo unaitwa kukimbia), nikamkuta mganga wetu wa kituo, Masunga, mtu mpole na mwenye kufuata sheria kama reli.

"Masunga, fungua kabati!"

"Ufunguo unao wewe, sista. Uko kiunoni."

Nikafungua. Kichupa kilikuwa kimoja. Masunga akavaa miwani, akaisoma karatasi kana kwamba haijui.

"Sista, hapa pameandikwa..."

"Najua palivyoandikwa!"

"Na mhuri upo."

"Masunga!"

"Siku ile nilitaka kumpa Kabula, ukanisema mbele ya watu wote kwamba sijui kusoma. Sasa leo nimesoma."

Hakuwa ananikejeli, na hilo ndilo lililoniuma zaidi. Alikuwa ananiogopa. Dirishani vichwa vilikuwa vimejaa, na Mayu Minza, aliyeniletea uji, alikuwa mlangoni na bakuli lake akininong'oneza, "Mwanangu, fumba mdomo, watu wanasikia."

"Wasikie!" nikasema, na wakasikia.

Nilitegemea kicheko. Nilikuwa nimekistahili. Badala yake Kabula akapita katikati ya watu, tumbo mbele, akasimama karibu na Masunga.

"Daktari, mpe. Anaumwa."

"Mpe!" wakadakia wa dirishani. (Mmoja alikuwa anacheka, lakini naye alikuwa anasema mpe.)

Hawa ni wanawake niliowanyima. Ninapowasimulia watu habari zangu, hapa ndipo ninapojisikia fahari, maana ni wanawake wa kwetu.

Masunga akaibandua ile karatasi, akatia sahihi, mimi nikatia yangu, akaniongoza kitandani na kunipima kwanza, kama inavyotakiwa. Kisha akaweka sindano chini. Niwaeleze kwa nini: dawa ile hupita kwa mama ikamfikia mtoto, na ukiichoma mtoto akiwa karibu kabisa kutoka, anaweza kuzaliwa na usingizi, akashindwa kuvuta pumzi vizuri.

"Tumechelewa, sista. Njia imefunguka yote. Wewe ndiye uliyenifundisha."

Tulikuwa tumechelewa kwa kubishana na mhuri wangu. Nikalia upya, safari hii bila hata kujitetea. Kabula akanisugua kiuno kwa kiganja, Mayu Minza akanishika kichwa, akaleta mdomo sikioni kwangu. "Hata mimi nililia," akasema. "Wote wanane. Nilikuwa nang'ata khanga."

Mwanangu alitoka akipiga kelele kunizidi. Habari ilifika getini kabla sijamshika vizuri, na kipaza sauti kikatangaza, "Ni mtoto wa kike! Bei ya pamba ni ileile!"

Kesho yake, nikiwa bado wodini, Kabula akaletwa. Alilala kitanda cha pili, kimya, jasho linamtoka, vidole vimeng'ang'ania godoro. Zamani ningesema, tazameni mfano mzuri. Nikashuka kitandani, mtoto kifuani, nikamwendea.

"Kabula, unaumwa?"

"Sista, ile karatasi..."

"Sijakuuliza karatasi. Unaumwa?"

Alinitazama muda mrefu, kama mtu anayeogopa mtego.

"Naumwa, sista. Sana."

Masunga alimpima, muda ulikuwa bado upo, tukatia sahihi mbili, akachomwa kile kichupa kimoja nilichokikosa mimi. Baada ya kitambo vidole vikaachia godoro. Uchungu haukwisha, ulipungua tu, lakini alisinzia kati ya uchungu mmoja na mwingine, na akazaa salama akiwa na nguvu ya kumbeba mtoto wake mwenyewe.

Nimezalisha wengi tangu siku hiyo. Dawa nimeiomba katika kila oda, na isipokuwepo tunasugua kiuno, tunamtembeza mama, tunamruhusu mtu wake akae naye. Aibu yangu nimeizoea, hata naitambia. Ila nimeapa: simwambii mwanamke avumilie kabla sijamuuliza. Na nikishauliza nasubiri, maana aliyelelewa kunyamaza huchelewa kujibu.