Kompyuta Imenitolea Ushahidi

Leo nusura nifukuzwe kazi ya usafi, kompyuta ikaniokoa!

Bosi mpya kanisema mbele ya watu: "Bibi, unachelewa kila siku."

Mimi? Ninayetoka Majengo kwa miguu kabla ya jua?

Neema, fundi wa kompyuta, akafungua orodha yake. Kumbe kuna mtambo unaandika kila mashine inapozimika!

"Bosi, hii ya mapokezi inazimika kila siku saa kumi na mbili asubuhi, inarudi baada ya dakika kumi. Nani anaizima?"

"Mimi," nikajibu. "Nachomoa waya wake, nachomeka birika la chai. Saa hizo ninyi mmelala."

Bosi akanigeukia.

"Samahani, bibi."

"Anza na shikamoo!"

Jamani, mashine haina macho, imeniona kila siku. Nyie wenye macho mlikuwa wapi?