Masikio Manne ya Kamati

Ungekuwa na binti aliyekaa karibu nusu mwaka bila kuonja tone la pombe, kisha duka lililo chini ya kitanda chake likaomba leseni ya kuiuza, ungefanya nini? Usijibu haraka. Clifford Ormerod alijibu haraka, na hii ndiyo habari yake.

Clifford alikuwa fundi wa mabasi huko Brindlewick, mji wa vilima na viwanda vya nguo vilivyokwisha kufa, kaskazini mwa Uingereza. Alilala chalichali chini ya mabasi kwa miaka thelathini na minane, akastaafu na mgongo mbovu na saa ya ukutani aliyozawadiwa na wenzake. Saa yenyewe ilichelewa tangu siku ya kwanza. Mkewe alikuwa amefariki. Aliishi ghorofani, juu ya duka la Harshad Solanki, na baridi ya mwaka juzi binti yake Leanne alirudi kuishi naye, mkononi ana mfuko mmoja wa plastiki, mdomoni jino limevunjika. Alikuwa na miaka ishirini na tisa na alikuwa anatetemeka kama injini ya basi bovu.

Sitasimulia miezi iliyofuata. Itoshe kusema kwamba alianguka mara mbili, na mara ya tatu alisimama. Alipata kazi ya kufua mashuka katika nyumba ya kutunzia wazee. Kila asubuhi, saa moja kasorobo, alishuka ngazi, akaingia dukani kununua peremende za mnanaa, akapanda basi.

"Karibu, mkurugenzi wa mashuka!" Harshad angemwambia.

"Mzee Solanki, hizi peremende zimepanda bei tena? Utazikwa nazo hizo hela."

"Mimi sizikwi, mwanangu, sisi Wahindu tunachomwa. Kwa hiyo lipa."

Clifford alizoea kuwasikiliza kutoka juu huku akisubiri birika lichemke. Kicheko cha binti yake kikipanda ngazi, ndipo alipojua kwamba siku imeanza vizuri.

Halafu ikaja ile karatasi ya buluu.

Ilibandikwa kwenye kioo cha duka mwezi wa tatu, kati ya tangazo la paka aliyepotea na la mafunzo ya kinanda. Clifford aliisoma akiwa na gazeti kwapani. Bwana H. Solanki anaiomba halmashauri leseni ya kuuza vileo, saa mbili asubuhi hadi saa tano usiku, siku zote saba. Mwenye pingamizi aandike ndani ya siku ishirini na nane.

"Ndiyo mambo gani haya, Harshad?"

"Ndiyo maisha, Bwana Cliff. Mimi mwenyewe sinywi, unanijua. Lakini magazeti nani ananunua siku hizi? Wewe na yule padri. Nikikaa hivi mpaka Krismasi, nafunga."

Harshad hakujua habari za Leanne. Mtaa mzima haukujua. Leanne alikuwa ameomba kitu kimoja tu siku aliyorudi: awe mtu wa kawaida machoni pa watu. Kwa hiyo Clifford alilipia gazeti lake akapanda juu, akatoa karatasi na kuanza kuandika.

Leanne alimkuta mezani.

"Baba, kutoka hapa mpaka kazini napita maduka sita yanayouza. Sita! Hata kule chini kwenye duka kubwa wanaziweka mlangoni kabisa, karibu na maua. Utawapinga wote?"

"Hao hawapo chini ya kitanda chako."

"Na hilo pingamizi linachapishwa, unajua? Jina, anwani, kila kitu. Mwombaji analisoma, mtu yeyote analisoma."

"Sitakutaja."

"Apa."

"Naapa kwa mama yako."

Leanne akacheka kidogo. "Haya, nenda. Sema chupa. Sema kelele. Sema walevi wanakojoa mlangoni kwetu. Mimi usinitaje." Na siku ya kikao cha kusikiliza pingamizi ilipofika alimpigia pasi shati lake jeupe, akamfunga tai, akamwambia kikao kitarushwa mubashara na atakitazama kwenye simu wakati wa chai.

Sasa sikiliza sheria ya nchi ile inavyosema, maana hapo ndipo penye uchungu. Kamati ya leseni ina masikio manne tu. Sikio la kwanza husikia uhalifu na vurugu. La pili, usalama wa watu. La tatu, kero kwa majirani. La nne, watoto wasidhurike. Neno lisiloingia katika moja ya masikio hayo, hata liwe la kweli kama kifo, ni kelele tu. Afya ya mtu haimo. Ugonjwa wa mtu mzima haumo. Watu waliosoma, wenye magari na bustani, walikaa wakaandika sheria ya kugawa pombe, na hawakumtengea mlevi hata sikio moja.

Walikaa madiwani watatu nyuma ya meza ndefu yenye majagi ya maji. Mwenyekiti alikuwa Diwani Maureen Tattersall, mama wa makamo mwenye miwani ya mnyororo, na kwa haki ya Mungu hakuwa mtu mbaya. Upande mmoja aliketi Harshad katika suti ya harusi ya mwanawe, na pembeni yake wakili kijana, Bwana Pomfret. Upande wa pili aliketi Clifford peke yake. Polisi waliandika kwamba hawana neno. Majirani wengine hawakuandika chochote.

Clifford alisoma karatasi yake. Chupa zilizovunjika. Kelele. Mkojo mlangoni. Sauti yake ilikuwa imara, maana alikuwa ameifanyia mazoezi bafuni.

"Bwana Ormerod," alisema Pomfret kwa upole, "hao walevi wanaokojoa mlangoni kwako, pombe yao wanainunua wapi?"

"Nitajuaje mimi?"

"Si kwa mteja wangu, maana yeye hauzi. Au sivyo?"

Mmoja wa madiwani alitabasamu, akajificha nyuma ya bilauri.

"Polisi wanasema hawana shida na mtaa huo. Umewahi kupiga simu kulalamika? Hata mara moja?"

"Sijawahi."

"Mteja wangu ataweka kamera. Ataomba vitambulisho. Hatauza bia kopo moja moja. Hebu tusaidie, mzee: unachoogopa hasa ni nini?"

Lilikuwa swali la kawaida la wakili, la kumalizia hoja. Lakini lilimwingia Clifford moja kwa moja, kwa sababu tangu karatasi ya buluu ibandikwe hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza. Akamtazama mwenyekiti. Akaona sura ya mama wa watu. Akawaza kwamba mwenye sura kama ile akiambiwa ukweli atauelewa. Ndilo kosa lake, na ni kosa la watu wema tu.

"Binti yangu," alisema. "Leanne. Ni mgonjwa wa pombe. Ana siku mia mbili na kumi na moja hajanywa. Amelala kwenye sakafu ya choo cha baa, amelala hospitali, nimemwosha matapishi kwa mikono yangu hii. Chumba chake kiko juu ya duka hili. Naogopa hilo. Mmesema mnalinda watoto. Basi mlindeni mtoto wangu."

Harshad alikuwa ameinamisha kichwa mpaka kidevu kikagusa tai.

"Pole sana, Bwana Ormerod," alisema mwenyekiti, na sauti yake ilikuwa na pole ya kweli. "Naomba nikuulize, binti yako ana umri gani?"

"Thelathini na moja."

Diwani Tattersall alimtazama mwanasheria wa halmashauri. Mwanasheria akatikisa kichwa, kidogo tu, kama mtu anayemfukuza inzi.

"Kwa sheria hii mtoto ni aliye chini ya miaka kumi na minane. Nasikitika, hilo hatuwezi kulizingatia. Katibu, naomba lisiingie katika sababu za uamuzi."

Lisiingie katika sababu! Lakini kwenye kamera lilikuwa limekwisha kuingia.

Madiwani walitoka kwenda kushauriana. Dakika kumi na mbili. Wakarudi, leseni ikatolewa. Mwisho wa kuuza utakuwa saa nne usiku badala ya saa tano. Mwenyekiti aliutaja upungufu huo wa saa moja huku akimtazama Clifford, kama mtu anayempa mwenzake zawadi.

Kwenye korido Harshad alimshika mkono.

"Kwa nini hukuniambia? Siku ishirini na nane ile karatasi iko dirishani, na kila siku unakuja kuchukua gazeti. Kwa nini, Bwana Cliff?"

"Ningekuambia, ungeacha?"

Harshad alifikiri. Hakuwa mwongo. "Sijui," alisema. "Mungu ananiona, sijui."

Leanne alirudi saa kumi na moja jioni. Clifford alikuwa ameoka pai ya nyama na vitunguu anayoipenda. Aliketi bila kuvua koti.

"Tulikuwa saba kwenye chumba cha chai," alisema. "Niliwaita mwenyewe. Nikawaambia, njooni mumwone baba yangu, leo anawafundisha adabu madiwani. Tukaegemeza simu kwenye bakuli la sukari."

"Leanne, mama..."

"Ulipomaliza kusema, wote wakainuka mara moja. Kila mtu akaanza kuosha kikombe chake. Wale huwa hawaoshi vikombe, baba."

"Nilidhani watanisikia."

"Najua ulidhani." Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililomtisha Clifford. Aliisogeza sahani taratibu, akaenda chumbani kwake, akafunga mlango bila kuubamiza. Pai ilipoa mezani.

Asubuhi Clifford alisimama dirishani na birika mkononi. Chini, Harshad alikuwa amepanda ngazi fupi akiibandua karatasi ya buluu kwa kisu cha meza. Saa moja kasorobo mlango wa chini ukafunguka, Leanne akatoka. Harshad alimwona. Akashuka upesi, akasogeza ngazi yake pembeni, akavua kofia, akajibana ukutani kumpisha, jinsi watu wanavyopisha jeneza.

Leanne alisimama. Clifford alielewa anachosubiri, akasubiri naye. Sema, Harshad. Mwite mkurugenzi. Mdai hela ya peremende. Harshad aliitazama kofia yake, akaigeuza na kuigeuza mikononi, na hakusema neno.

Leanne akaenda. Basi lilikuwa limesimama kituoni, na dereva, aliyemzoea, alimfungulia mlango akangoja. Alilipita. Dereva akapiga honi mara moja, akafunga mlango, akaondoka. Clifford alikigonga kioo cha dirisha kwa kiganja, akaita jina lake, akagonga tena kwa nguvu mpaka saa ya ukutani ikatikisika. Leanne hakugeuka. Aliteremka kilima hadi kwenye duka kubwa, lile linaloweka chupa karibu na maua, akasimama mbele ya mlango wa chuma huku mikono yake iko mfukoni. Ilipotimu saa moja kamili mlango ulianza kupanda. Hakungoja ufike juu. Aliinama, akapita chini yake, akaingia.