Biskuti Kizingitini

Wiki iliyopita mjukuu wangu aliniletea pakiti ya biskuti kutoka duka moja la Bungoma. Nilikula moja, nikafumba macho. Alidhani nimezipenda sana. Kumbe mawazo yalikuwa yamenirudisha mahali paitwapo Kwanza, nje ya Kitale, kwenye shamba la mzungu ambako baba alikuwa mkamuaji wa ng'ombe.

Tuliishi kambi ya wafanyakazi, vibanda vya udongo vilivyopangwa mstari. Sisi tulikuwa wa Bungoma; jirani yetu alikuwa ametoka Nyeri. Mumewe alimpikia mzungu, na ndiye aliyemfundisha mkewe kuoka. Kila Jumamosi mchana jirani alimwita mama kwake. Sisi watoto tulitikisa maziwa kwenye kibuyu mpaka siagi ijitenge, mikono ikituuma. Yeye aliisugua ndani ya unga wa ngano kwa ncha za vidole, akatia sukari na yai moja, huku akimwonya mama asikande kama anasonga ugali.

"Biskuti haitaki nguvu, dada. Inataka mkono baridi."

Alizikata kwa mdomo wa kikombe, akazitoboa kwa mwiba, akazipanga kwenye bati ndani ya sufuria yenye mchanga. Makaa chini, makaa juu ya kifuniko. Hata watu waliotoka kupalilia walipunguza mwendo wakipita pale.

Halafu serikali ya mkoloni ikatangaza hali ya hatari, ikiwasaka wapiganaji wa msituni. Watu wa Nyeri, kabila la jirani yetu, wakashukiwa kila mahali, hata yule mpishi ambaye sikuwahi kumwona na silaha yoyote zaidi ya mwiko. Nyapara alipita nyumba kwa nyumba akisema atakayeonekana nao ataondoka nao. Baba akatukataza kwenda kwao, na mama hakubisha. Tukikutana na jirani mtoni, mama aliinama akajifanya anasuuza mtungi.

Asubuhi lori lilipokuja kuwarudisha kwao, tulikuwa tumejifungia ndani. Mlango ukabishwa mara moja tu.

"Nimewaletea watoto biskuti," jirani alisema. "Hawa hawana kosa."

Mama alisimama na mkono juu ya komeo. Nilitaka kumwambia afungue, lakini na mimi niliogopa. Nje askari akaita, nyayo zikaondoka. Mama hakufungua mpaka mlio wa lori ulipopotelea njia ya Kitale.

Biskuti zilikuwa kizingitini, zimefunikwa kitambaa, bado zina joto. Nasema kweli, tulizila zote. Njaa ya mtoto haijui aibu. Mama hakuonja hata kipande, na tangu siku hiyo hakuoka tena.

Uhuru ulipokuja tulipata shamba letu wenyewe, mahali paitwapo Ndalu. Familia nyingi za kabila la jirani yule nazo zilirudi huku, zikalima na kufanya biashara. Siku za soko mama aliwauliza, mmoja baada ya mwingine, kama wanamjua mke wa mpishi aliyewahi kukaa Kwanza. Aliuliza hivyo mpaka miguu ikashindwa kumfikisha sokoni. Hakuna aliyemjua. Kambi yenyewe ilishalimwa, imekuwa mahindi matupu, na mtu pekee aliyekuwa na haki ya kutusamehe sijui hata alizikwa wapi.