Kambare Walionyweshwa Maji Safi

Juzi, hapa kwangu Buswelu, nilifunua ndoo ya maji ya kunywa, harufu ya dawa ya kuulia vijidudu ikanipiga puani. Dawa nilikuwa nimeitia mwenyewe, kifuniko kimoja kwa ndoo nzima. Hata hivyo nilikaa chini na kikombe mkononi, kiu yote ikaniisha. Miaka mingi, msomaji wangu, niliamini kwamba harufu ile ndiyo iliyonifukuzia baba.

Nilikuwa na miaka tisa na tulikaa Mkuyuni, karibu na ziwa. Kiangazi cha mwaka ule kilikuwa kikali cha kutisha. Ziwa lilirudi nyuma likaacha matope yaliyopasuka, na mitumbwi ikabaki nchi kavu kama ng'ombe waliolala. Maji ya pembeni yalikuwa ya kijani, na ukitia mguu ungedhani mtu ameyabandika jikoni. Shuleni walitufundisha kwamba mgaagaa na upwa hali wali mkavu. Sisi tuligaagaa mpaka magoti yakachubuka, na ugali tuliula mkavu vilevile.

Baba alikuwa mvuvi wa sangara, wa ndoano na si wa nyavu. Alituambia samaki naye ana akili zake: joto likizidi huhamia kwenye kina, huko huwa mvivu, na chambo kilichokufa hakitazami. Anataka kitu kinachojinyonganyonga mbele ya mdomo wake. Chambo hicho ni kambare wadogo, nao walikuwa adimu kwa sababu madimbwi yote yalikuwa yamekauka. Basi baba alipanda baiskeli mpaka kwenye majaruba ya mpunga upande wa Magu, akachimba matope kutwa nzima, akarudi jioni mgongo umebabuka. Kwenye dumu lililokatwa juu alikuwa na kambare thelathini na ushee, wote hai.

"Mama Neema," nilimsikia akimwambia mama, "hii ndiyo ya mwisho. Nikitoka mtupu, nakwenda visiwani."

"Na waliokwenda visiwani, wangapi wamerudi?"

Neema ni mimi, na hata kwa umri ule nilijua jibu, maana baba wa jirani yetu alikwenda kuvua huko kwenye visiwa vya katikati ya ziwa akaoa mke mwingine. Nilimpenda baba kupita kiasi. Nikaapa kwamba kambare wale hawatakufa.

Kesho yake mchana baba alijilaza akisubiri jua lipungue aende kutega, nami nikaachiwa kazi ya kuwabadilishia maji. Maji ya ziwa yalikuwa ya moto na yananuka. Kambare walikuwa wakipanda juu kila mara kugombea hewa, nikawaonea huruma. Ndani kulikuwa na mtungi wa maji ya kunywa, baridi na safi. Siku zile tulikuwa tunaogopa kipindupindu, na mama alikuwa ameyatia dawa bila kupima, kwa hofu tu. Nikafikiri, dawa inayotulinda sisi itawalinda na wao. Nikamwaga maji yote ya ziwa, nikawajazia ya mtungini. Baada ya muda walitulia. Nilifurahi mno, nikaenda kucheza rede.

Niliporudi walikuwa wamegeuza matumbo juu, wote.

Baba alikuwa amechuchumaa kando ya dumu. Alichota maji kwa kiganja, akanusa, kisha akaniangalia kwa muda mrefu. Mama akatokea mlangoni kuuliza kuna nini.

"Jua limewaua," baba alisema. "Jua hili halina huruma."

Alitega nao hivyohivyo, wafu. Asubuhi alirudi na kambare wangu wote kwenye ndoano, hakuna hata mmoja aliyeguswa. Wiki ileile akapanda boti ya visiwani. Pale mwaloni, boti zinakopakia watu, nilimwamkia tu shikamoo kama kila asubuhi. Akaitikia marahaba, akapanda. Mwanzoni alikuwa akituma salamu kwa watu, kisha salamu nazo zikakoma.

Nilikua na siri yangu. Nilimtazama mama akikaanga samaki wa watu sokoni, nikajua nani amemweka pale. Siku nilipojifungua mtoto wangu wa kwanza nilishindwa kuvumilia, nikamwambia yote. Mama alicheka, lakini si kwa furaha.

"Mwanangu, wiki ile watu walikwenda na kambare hai wakarudi mikono mitupu. Na begi la baba yako lilikuwa limefungashwa chini ya kitanda tangu Jumapili, kabla hata ya kwenda kuchimba."

Alidhani ananitua mzigo. Nilimshukuru, kisha usiku nililia kuliko nilivyopata kulia utotoni. Kumbe kosa lile ndilo lililokuwa likinifariji. Kama mimi ndiye niliyemfukuza, basi ningeweza pia kumzuia. Sasa najua kwamba hata ningewatunza kambare wale wakaishi mpaka leo, baba angeondoka.