Wazirgul, Mtunza Nasaba wa Spinkarez

Katika mji wetu wa Spinkarez, ardhi na zamu ya maji ni vya wazao wa Yunas Baba, mtu wa kwanza kupiga kambi hapa. Asiye wa damu yake atalima, atakula na kuoa, lakini shamba halitakuwa lake. Kwa hiyo anayejua nasaba za watu ana nguvu kuliko mwenye bunduki, na nguvu hiyo, kwa uzembe wetu, tulimwachia Wazirgul.

Wazirgul hakuwahi kushika jembe. Asubuhi alifika hujra, nyumba yetu ya wanaume na wageni, akachagua godoro lililo karibu na moto, akakaa mpaka chakula cha mchana kije. Kikija, yeye ndiye wa kwanza kunawa. Alilipa kwa hadithi. Mgeni hajakauka jasho, Wazirgul ameshaanza: Yunas Baba alimzaa nani, nani alimuua nani kwa ajili ya ngamia. Na ajabu ya historia yake ni kwamba babu wa aliyepika siku hiyo ndiye aliyekuwa shujaa. Nimemsikia kwa masikio yangu akimzawadia marehemu mmoja vita vitatu kwa sababu ya paja la kondoo.

Mimi ni kinyozi. Kwetu kinyozi hahesabiwi katika ukoo wa mtu, basi tunabaki kukumbuka koo za wenzetu. Nilijua, kama alivyojua kila mwenye mvi, kwamba babu yake Wazirgul alikuwa Lajwar, wa damu ya Yunas Baba kweli, lakini maskini aliyetambaa chini ya ardhi akisafisha mfereji wa maji. Wazirgul alimwonea haya. Kidogo kidogo, mwaka hadi mwaka, alijihamisha mpaka akawa kitukuu wa kabaila fulani mwenye farasi arobaini. Hatukumpinga. Tulisema ni adabu, kumbe ni uvivu tu.

Ndipo Malik Torsam, mkuu wa mji, alipoitamani bustani ya makomamanga ya Bi Zarlakhta. Bi Zarlakhta ni mjane, mtoto wake wa pekee amekufa, na bustani ile ni ya mjukuu wake ambaye hata meno yalikuwa hayajaota. Marehemu mumewe alikuwa mjukuu wa mtu aitwaye Paindo. Ikithibitika kwamba Paindo hakuwa wa damu yetu, mtoto hana shamba. Wiki nzima Wazirgul alikula kwa Malik, wali na nyama, kisha jirga, baraza la wazee, ikaitwa.

"Paindo alikuwa mtu wa kuja," akasema Wazirgul, midomo bado inang'aa mafuta. "Alifika na punda mmoja, babu zetu wakamhurumia."

Bi Zarlakhta alikuwa amesimama mlangoni. Umri wake ulimruhusu kusema mbele ya wanaume.

"Wazirgul, mwanangu, Paindo alikuwa na ndugu?"

"Nitajuaje, mama?"

"Si wewe unayejua yote? Alikuwa na Lajwar. Baba mmoja, tumbo moja. Kama Paindo alikuja na punda, Lajwar alikuja na nini?"

"Alipanda nyuma!" mtu akapiga kelele, na hujra nzima ikaangua kicheko.

Malik Torsam hakucheka. Alikuwa na hesabu nyingine kichwani. "Sawa," akasema taratibu. "Basi na mashamba ya ukoo wa Lajwar yarudi."

Neno moja tu la Wazirgul lingewaokoa wote. Angesema, "Lajwar ni babu yangu na Paindo ni wetu," angeitwa mwongo kwa siku moja, na mtoto angebaki na bustani. Unadhani alisema?

"Lajwar ananihusu nini mimi?"

Nilimchukia siku ile. Mtu anamkana babu yake mbele ya watu waliomzika!

"Vizuri," akasema mullah. "Weka mkono juu ya Msahafu, uape kwamba Lajwar si babu yako."

Wazirgul akanyoosha mkono. Mkono ukasimama hewani.

"Sina udhu," akasema.

Akatoka kwenda kutawadha. Maji yako hatua ishirini. Tukangoja mpaka adhuhuri, tukangoja mpaka alasiri. Udhu wa Wazirgul ulichukua siku kumi na moja, kwa shemeji yake, ng'ambo ya mlima. Wazee wakasema shahidi aliyekimbia Msahafu si shahidi, na bustani ikabaki kwa mtoto.

Aliporudi alikwenda moja kwa moja kwenye godoro lake. Hakuna aliyemwondoa. Nilikuwa namnyoa palepale hujra walipoingia wageni wawili kutoka Zhob, naye akaanza.

"Walitaka kumdhulumu yatima hapa! Malik wetu, kwa hekima yake, akaniita mimi. Nikasimama, nikasema: Paindo ni damu yetu, atakayemgusa mtoto huyu aniguse mimi kwanza."

Malik Torsam, aliyekuwa ameketi pembeni, akatikisa kichwa kukubali. Hadithi hiyo ilimfaa na yeye.

"Muulizeni kinyozi," akasema Wazirgul. "Alikuwepo."

Wageni wakanigeukia. Wembe ulikuwa mkononi mwangu, na ukweli wote niliujua.

"Ilikuwa hivyo hivyo, ami," nikasema, nikaendelea kumnyoa.